Siku ya barafu: siku moja ya fundi wa boila, Leicester, Uingereza

Saa 11:30 alfajiri

Simu imeniamsha kabla ya kengele. Nje ni nyuzi 6 chini ya sifuri, na ujumbe wa kwanza unasema: "Boila inagugumia, halafu inazima yenyewe." Usiku ukiwa hivi, nusu ya kazi ya kesho yake naijua hata sijavaa viatu.

Kwa ndugu zangu mlio Tanga au Nakuru: boila ni lile sanduku jeupe linalotundikwa ukutani, aghalabu jikoni. Huchoma gesi ikapasha maji, pampu ikayazungusha hadi kwenye rejeta, yale mabamba ya chuma ya kupasha joto kila chumba. Aina ya kombi hutoa pia maji moto ya bombani. Ikizima Januari, nyumba haikaliki.

Swali langu la kwanza kwa kila mteja ni moja: unasikia harufu ya gesi? Akisema ndiyo, hapo si kazi ya kuelekezana kwa simu. Afunge gesi kwenye mita, afungue madirisha, asiguse swichi yoyote, atoke nje, apige namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999. Ni bure, usiku na mchana.

Leo hakuna harufu. Kuna barafu tu. Karibu kila boila iliyofungwa hapa tangu Aprili 2005 ni ya aina inayopooza moshi wake hadi mvuke ugeuke maji, ili joto lisipotelee nje. Maji hayo hutoka kwa kibomba cha plastiki. Yakiganda humo, mengine yanarudi ndani na boila inajizima. Nikamwambia: maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, mwagia kibomba cha nje, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha upya. Robo saa baadaye ikaja picha ya kidole gumba mbele ya kibomba. Sikumtoza. Ila kibomba chenyewe nilikiona pichani: kile chembamba cha 21.5 mm, kimetambaa uchi ukutani, wakati cha nje kinashauriwa kuwa 32 mm na kuvikwa kinga. Aliyekifunga alikuwa na haraka na chai yake.

Saa 3 asubuhi

Mtaa wa Belgrave, kwa mama wa Kihindi aliyezaliwa Jinja. Shikamoo nimempa kwa mazoea; akaijibu kwa "karibu, karibu, ingia mwanangu, baridi kali". Alikuja 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Mwaka huohuo halmashauri ya Leicester ilitangaza kwenye gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije hapa. Wakaja.

Shida yake: presha ya maji ya boila. Kila asubuhi geji iko sifuri, kila asubuhi anafungua bomba la kujazia. Fundi aliyetangulia alisoma namba ya hitilafu kwenye kioo, akasema boila imekwisha, anunue mpya. Namba ile ni kama homa: inakwambia mwili unaumwa, haikwambii ni malaria au jino. Ilisema "maji hayatoshi". Sawa, lakini yanakwenda wapi?

Sikufungua boila kwanza. Nilijaza hadi bari 1.2 (bari ni kipimo cha presha), nikawasha rejeta zote, nikakaa nikiitazama geji. Ikapanda 1.5, ikapanda 2, ikakaribia 3. Nikatoka nje. Ukutani kuna kibomba cha shaba kinachotazama chini. Kikaanza kudondosha maji ya moto. Hapo nusu ya jibu nilikuwa nayo.

Maji yakipata moto yanatanuka. Nyumba yenye lita 100 kwenye mfumo wake, ukizipasha kutoka nyuzi 10 hadi 65, unapata lita mbili hivi za ziada ambazo hazina pa kwenda. Ndiyo maana ndani ya boila kuna tungi lililogawanywa kwa mpira: upande mmoja maji, upande wa pili hewa. Maji yakitanuka yanaibana hewa. Hewa ikishatoroka, presha inapanda hadi bari 3, vali ya usalama inafunguka na kumwaga maji nje. Mfumo ukipoa, geji inalala sifuri, mama anajaza tena, na mchezo unaanza upya.

Tungi lina vali ya hewa kama ya tairi la gari. Nikaibonyeza. Yangetoka maji, mpira umechanika na tungi ni la kubadilisha. Hayakutoka maji wala hewa. Nikazima, nikamwaga maji ya boila hadi sifuri, nikaacha tundu la kumwagia wazi, nikapiga pampu ya baiskeli hadi kiwango kilichoandikwa na watengenezaji. Vali ya usalama nimebadilisha, kwa sababu ikishafunguka mara nyingi huwa haifungi vizuri tena. Uchafu unakaa kwenye kiti chake.

Uchafu huo una chanzo. Maji mapya ya kila asubuhi huleta oksijeni, oksijeni inakula chuma cha rejeta. Nilipotoa hewa rejeta ya sebuleni, yalitoka maji meusi kama wino. Nimeweka dawa ya kuzuia kutu na nimemshauri kichujio cha sumaku.

Mwisho, mashine ya kupima moshi. Uwiano wa monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu, kwa dioksidi ya kaboni ulikuwa 0.001, kwa boila ya aina hii unapaswa kuwa chini ya 0.004. Boila "iliyokwisha" inachoma safi kabisa. Mama akanikalisha kwa nguvu: chai ya maziwa yenye tangawizi, muhogo wa kukaanga, pilipili na ndimu. Ratiba ikachelewa, na sikujitetea.

Saa 7 mchana

Evington, nyumba ya wapangaji. Rejeta zinapata joto, lakini ukifungua maji moto hadi mwisho boila inazima. Mwenye nyumba ameshalipia vali mpya ya gesi na bodi mpya ya umeme ya boila, na hitilafu iko palepale.

Nimefunga manomita, kifaa cha kupima presha ya gesi. Boila ikiwa imezima, milibari 22. Wakati inachoma kwa nguvu zote, kwenye mita ya gesi 20, kwenye boila 12. Kati ya hapo na hapo hupaswi kupoteza zaidi ya milibari 1. Boila mpya ya kilowati 30 imefungwa kwenye bomba la zamani la 15 mm, refu, lenye kona chungu nzima. Gesi haifiki. Kipimo cha dakika 10 kingeokoa bei ya bodi ile.

Moshi nimepima, uko salama. Nguvu ya rejeta nimeishusha, na wapangaji nimewaambia wafungue maji moto nusu hadi nirudi na bomba pana. Taarifa nimemwandikia mwenye nyumba.

Saa 10 alasiri

Giza linaingia. Braunstone, familia kutoka Burundi: king'ora cha monoksidi ya kaboni "kinalia". Nilipofika kilikuwa kinatoa mlio mmoja mfupi kila baada ya muda. Huo ni mlio wa betri. Mlio wa hatari kwa kawaida ni tofauti: king'ora hulia mara nne mfululizo, kinanyamaza kidogo, kinarudia. Hata hivyo nilipima hewa ya chumba kabla ya kugusa chochote: sifuri.

Baba wa nyumba aliuliza kama baridi ikizidi anaweza kuwasha jiko la mkaa ndani. Hapana, mzee wangu, kabisa. Gesi inayoua watu huku ni ileile inayoua kwa jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa kule kwetu, na haina harufu.

Saa 1 usiku

Mpwa wangu wa Tanga kaniuliza tena kama akija ataanza kazi mara moja. Nimemjibu: huku hugusi gesi ya mtu bila kusajiliwa Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya ile ya CORGI mwaka 2009, na huwezi kusajiliwa bila mafunzo na mitihani. Nyuma ya kadi ya fundi aliyesajiliwa kumeandikwa kazi unazoruhusiwa, na mteja ana haki ya kuigeuza aisome.

Nimeagiza bomba la 28 mm. Mwenye nyumba wa Evington amejibu taarifa: anauliza kama bodi nyingine haitakuwa nafuu kuliko bomba. Nimemtumia picha mbili za manomita, ya 20 na ya 12, pamoja na bei.