Mafuta ya parachichi, silika na taa ya kukagua noti: nilivyopima kwa TLC Arusha

"Mwanangu, nataka kujua dumu lipi limeoza na lipi limechanganywa, kabla sijamlipa mtu." Hiyo ndiyo kazi niliyopewa na mama mwenye kiwanda. Kiwanda chenyewe ni kidogo, kiko barabara ya kwenda Usa River. Kinanunua mafuta ghafi ya parachichi kutoka kwa wakamuaji wa Arusha na Kilimanjaro, kinayachuja na kuyauza. Mashine ya kromatografia ya gesi hatuna, na kupeleka kila dumu kwenye maabara kubwa kungekula faida yote. Nilikuwa na oveni, mizani, vioo vichache na nilichosoma chuoni kuhusu TLC, yaani kromatografia ya tabaka jembamba: unadondosha mafuta kwenye sahani yenye unga mwembamba wa silika, kiyeyusho kinapanda, na kila kitu kinabebwa umbali wake. Nikamjibu kwamba yanapimika, ila ni maswali mawili, na kila moja lina sahani yake.

Nilianza na kuoza. Parachichi likipondeka au likikaa mno kabla ya kukamuliwa, vimeng'enya vyake huikata trigliseridi, ambayo ndiyo karibu mafuta yote unayoyaona, na kuziacha asidi za mafuta zikiwa huru, pamoja na digliseridi. Kawaida asidi huru hupimwa kwa titresheni, yaani kudondoshea alkali hadi rangi ya kiashiria ibadilike. Lakini mafuta ya parachichi ni ya kijani kibichi, na ukiyatitreti kwa kiashiria cha fenolftalini ile rangi yake ya waridi inamezwa. Unabaki unabishana na macho yako. Hapo ndipo TLC iliponiokoa.

Sahani nilizotumia ni za alumini zilizopakwa silika, zile kubwa za sentimita 20 kwa 20, ambazo mkasi wa kawaida unazikata vipande vidogo. Tangi lilikuwa chupa ya jemu yenye mfuniko mzuri, nikaizungushia ndani karatasi ya kuchujia ili ijae mvuke kabla sahani haijaingia. Mstari wa kuanzia, ambapo mafuta hudondoshwa, unachorwa kwa penseli tu, kwa sababu wino wa kalamu nao hupanda. Kiyeyusho ni heksani 80, etha 20 na asidi ya asetiki 1 kwa ujazo. Ile 1 ya mwisho usiidharau: bila hiyo, asidi huru hazitoi doa, zinaburuza mkia.

Kwa mchanganyiko huo madoa yanajipanga vizuri. Trigliseridi hupanda juu, asidi huru zinafuata chini yake, halafu steroli (jamii ya kolesteroli) na digliseridi, kisha monogliseridi, na fosfolipidi zinabaki palepale ulipozidondosha. Parachichi linaongeza la kwake: karotini inakimbia na kiyeyusho hadi juu kabisa ikiwa njano, na rangi za kijani zinajitokeza zenyewe kabla hujapaka chochote. Hizo nilikuwa nazizungushia penseli mara sahani inapokauka, la sivyo baadaye ungedhani ni lipidi.

Sampuli za kulinganishia zinauzwa ghali, nami sikuzinunua. Nilikwangua sabuni ya mche, nikaiyeyusha kwenye maji ya moto, nikaongeza taratibu asidi ya betri iliyokwisha kuzimuliwa hadi maji yakawa na uchachu. Juu ikaelea tabaka nyeupe inayoganda ikipoa: hizo ni asidi za mafuta, tayari kwa kulinganisha. Trigliseridi nilipata kwenye mafuta mapya ya alizeti. Kolesteroli na fosfolipidi nilizitoa kwenye kiini cha yai kwa klorofomu na methanoli, mbili kwa moja, njia ambayo Folch na wenzake waliitangaza mwaka 1957 na bado watu wanaitumia. Yai moja linatosha sahani nyingi sana.

Halafu kuna Arusha yenyewe. Etha huchemka kwenye nyuzi 34.6 usawa wa bahari. Sisi tuko mita kama 1,400 juu, kwa hiyo huchemka chini ya hapo, na mchana wa Januari chupa ikiachwa wazi etha inaondoka na uwiano unabadilika. Nilichanganya kiasi kidogo asubuhi, mbali na moto wowote, na sikurudia kiyeyusho cha jana. Masika nayo yana vituko vyake. Silika hunywa unyevu wa hewa, na silika iliyolowa haishiki sana, kwa hiyo madoa yote yanapanda zaidi ya kawaida. Dawa ni kuikausha kwenye oveni kwa nyuzi 110 na kuipooza ndani ya chombo kilichofungwa chenye chembe za kukausha. Hata hivyo sikuwahi kuamini namba ya Rf (umbali wa doa ukigawanywa kwa umbali wa kiyeyusho) niliyoiandika wiki iliyopita. Sabuni yangu na yai langu vilikaa kwenye kila sahani, pembeni ya sampuli.

Ili kuona madoa nilitumia chembe za iodini ndani ya chupa nyingine. Ukiweka sahani humo, madoa ya kahawia yanatokea taratibu, halafu ukiitoa yanafifia, kwa hiyo piga picha haraka kwa simu. Kumbuka tu kwamba iodini hupenda mafuta yenye bondi mbili za kaboni, yaani kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi maradufu. Yaliyoshiba, yasiyo na bondi hiyo, huonekana hafifu kuliko yalivyo. Kwa parachichi hilo si tatizo kubwa, maana asidi yake kuu ni oleiki, yenye bondi maradufu moja. Kwa kila sahani niliweka pia mafuta niliyoyajua, ambayo nilishayachanganya na asidi za sabuni kwa asilimia 1, 2 na 5. Ukilinganisha uzito wa doa unapata makadirio yanayotosha kumwambia mama, "Hili lipokee, hili liende kwenye sabuni."

Swali la pili, la kuchanganywa, sahani hiyo hailijibu kabisa. Alizeti ni trigliseridi, parachichi ni trigliseridi. Yakichanganywa yanapanda pamoja na kutoa doa moja. Tofauti iko ndani, kwenye asidi zenyewe: alizeti ya kawaida imejaa asidi ya linoleiki yenye bondi maradufu mbili, wakati parachichi linayo kidogo tu. Hapo unahitaji fedha, namaanisha nitrati ya fedha. Ioni za fedha hung'ang'ania bondi maradufu za kaboni, na kadiri asidi inavyokuwa nazo nyingi ndivyo inavyocheleweshwa njiani.

Kwanza nilibadilisha mafuta kuwa esta za methili, ili kila asidi isimame peke yake: matone machache ndani ya heksani, hidroksidi ya potasiamu kwenye methanoli, tikisa kwa nguvu, acha litulie, chukua tabaka la juu. Sahani ya kawaida inakuhakikishia kwamba trigliseridi imekwisha. Mafuta yaliyooza hayafai kwa njia hii, kwani asidi huru zinageuka sabuni badala ya esta. Hayo yanataka methanoli yenye asidi ya salfa kidogo na moto wa pole usiku kucha.

Sahani nilizichovya kwenye nitrati ya fedha ndani ya asetonitrili, nikazikausha gizani na kuzifunga kwa foili. Vaa glavu, vidole vikiguswa vinakuwa vyeusi na sabuni haisaidii. Iodini hapa haifai, inagombana na fedha. Nilinyunyizia dikloroflorosini, rangi inayong'aa chini ya taa ya zambarau, iliyoyeyushwa kwenye spiriti, halafu nikaangaza kwa taa ya zambarau ya kukagua noti bandia, ile ya madukani. Kwa heksani 90 na etha 10 zikatokea ngazi za njano: zilizoshiba juu, oleiki katikati, linoleiki chini.

Madumu ya mkamuaji mmoja yalikuwa na ngazi ya chini nzito karibu kama ya alizeti niliyoiweka pembeni. Mama aliiangalia sahani chini ya taa, akauliza, "Na huyu akija kusema ni parachichi za aina nyingine?" Nikamwambia linoleiki hubadilika kiasi kwa aina na mahali, lakini si hadi kufika pale. Nikamwambia pia kwamba mtu akichanganya alizeti ile iliyozalishwa kuwa na oleiki nyingi, sahani yangu haitamkamata, na mafuta ya mawese kwa macho ni magumu kuamua. Tukakubaliana yanayotia shaka tu ndiyo yalipiwe kipimo cha mashine ya gesi, na gharama ikatwe kwa muuzaji yakithibitika.