Niliziba Banda Kuku Wasipate Baridi

Asubuhi moja ya Januari 2018 niliingia bandani na tochi kabla hakujapambazuka. Kuku wangu saba walikuwa juu ya kichanja, wamejikunyata na manyoya yamewatuna. Nikawahesabu mara mbili. Wote wazima, nikamshukuru Mungu. Kisha nikaelekeza tochi juu, nikaona dari inametameta. Mbao zote zilikuwa zimeota barafu nyembamba iliyochongoka kama chembe za chumvi. Chini ya ile barafu alikaa kuku wetu mweupe, ambaye watoto walimpa jina la Theluji, na ncha za upanga wake, ile nyama nyekundu ya kichwani, zilikuwa zimegeuka rangi ya majivu. Nikagusa moja kwa kidole. Ilikuwa ngumu kama plastiki, na yeye hakushtuka hata kidogo, kana kwamba ile sehemu si yake tena.

Niliumia sana. Tangu Oktoba nilikuwa nimehangaika na lile banda kuliko hata nyumba yetu. Kila tundu nililoliona nililiziba. Nilipigilia plaiwudi ndani, nikajaza nyufa kwa povu la kuzibia, mlangoni nikaning'iniza blanketi. Baridi isingepata pa kupita. Sasa nimefikaje kwenye upanga ulioganda?

Tunaishi pembezoni mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Majira ya baridi huku ni miezi mitano ukihesabu kwa uaminifu, na wiki ikipita bila kuona nyuzi za juu ya sifuri hakuna anayeshangaa. Lakini mimi si mgeni wa baridi kabisa. Nimezaliwa Njombe, mahali ambapo Juni na Julai unaamka unakuta umande umeganda kwenye majani ya viazi. Mama alikuwa na kuku wa kienyeji, na msimu wa baridi alikuwa akiwaingiza jikoni jioni. Tunafunga mlango, moto unabaki makaa, kuku wanalala pembeni mwa mafiga hadi asubuhi. Kwa hiyo nilipoanza kufuga huku, nilichokijua kuhusu baridi na kuku kilikuwa kimoja tu: ifungie mlango.

Vifaranga tulivinunua Aprili 2017, wakati maduka ya pembejeo huku yanapojaa makreti ya vifaranga vinavyolia. Tulichukua vinane, tukavilea ndani ya boksi sebuleni chini ya taa ya joto, nyuzi 35 wiki ya kwanza, halafu tukawa tunapunguza kidogo kila wiki. Mmoja alikuja kuwika alipofikisha miezi minne, na kwa kuwa mji wetu hauruhusu jogoo, alikwenda kwa mkulima mmoja nje ya mji. Wakabaki mitetea saba. Septemba yai la kwanza likapatikana, dogo kama la njiwa, na watoto wakaligombania kama dhahabu.

Basi, ile asubuhi ya Januari nilimpigia mama. Kwake ilikuwa saa tisa alasiri, yuko nje anaanua nguo. Nikamweleza yote: banda lilivyozibwa, barafu darini, upanga wa kuku. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, jikoni kwetu moshi ulikuwa unatokea wapi?"

Nikanyamaza. Jiko la mama lilikuwa la udongo, paa la nyasi, na kati ya ukuta na paa kulikuwa na pengo la upana wa kiganja kuzunguka jiko zima. Moshi ulitokea huko, na mvuke wa vyungu, na pumzi za kuku. Mimi nilibeba mlango wa jiko la mama mpaka Marekani, lile pengo nikaliacha Njombe.

Jirani yetu mzee mmoja, aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, alikuja mchana ule na kunieleza upande wa pili wa jambo lile lile. Alipiga magoti bandani, akashusha pua mpaka usawa wa maranda, akaniambia nifanye kama yeye. Amonia ikanichoma macho. Nikiwa nimesimama nilikuwa siisikii, lakini kuku hulala karibu na pale wanapoachia kinyesi, na robo tatu ya kinyesi cha kuku ni maji. Ongeza pumzi zao usiku kucha, saa kumi na tano za giza. Maji yote hayo, kama hayana pa kutokea, hupanda darini na kuganda, na mengine hutua juu ya kuku mwenyewe, kwenye zile sehemu zisizo na manyoya. Baridi kavu kuku anaistahimili, maana mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi na amevaa koti lisilovuliwa. Upanga uliolowa ndio unaoganda upesi.

Jumamosi ile mume wangu alichukua msumeno. Alikata matundu mawili marefu chini kabisa ya mapaa, moja kila upande, upana wa kiganja na urefu wa mkono mzima, juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala ili upepo usiwapige. Akapigilia wavu mgumu wa matundu madogo, kwa sababu rakuni, wanyama wa mwituni wa huku wanaokula kuku, wana vidole kama vya binadamu na wavu wa kawaida wa kuku wanauchana. Blanketi nikalitoa. Maranda mabichi yote nikayazoa na kuweka mapya, kina cha sentimita 20, na tangu hapo kila wiki naongeza mengine juu na kugeuza kwa uma wa shamba, naja kutoa yote mwezi wa Nne na kupeleka bustanini. Namwaga pia konzi ya mahindi jioni ndani ya maranda, kuku wenyewe wanayachakura na kunisaidia kazi.

Nakiri usiku wa kwanza sikulala. Ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri na mimi nimetoboa banda kwa makusudi. Alfajiri nikaenda na tochi. Dari ilikuwa mbao tu, kavu. Kuku walikuwa wamekaa vilevile, wamebanana, lakini manyoya yao yalikuwa mepesi mkononi kama pamba iliyoanikwa juani, hayana ule ubichi niliokuwa nauhisi kila siku nikidhani ndio kawaida.

Kuhusu upanga wa Theluji, nilitaka kuusugua kwa maji ya moto. Mzee alinizuia, na alikuwa sahihi: sehemu iliyoganda haisuguliwi, wala haipashwi kwa ghafla, wala ile nyama nyeusi haikatwi, kwa sababu ndiyo inayokinga iliyo hai chini yake. Unamwacha, unaangalia kama kuna uvimbe au usaha, unahakikisha anakula. Mwezi wa Tatu zile ncha zilidondoka zenyewe. Upanga wake ukabaki butu kama kisu kilichochakaa, na yeye akaendelea kutaga.

Baadaye ndipo nilielewa kwa nini aliumia yeye peke yake. Ni Leghorn, kuku wa asili ya Italia, mwenye upanga mkubwa wenye meno kama ya msumeno. Wenzake, Wyandotte wawili, wana upanga mfupi uliolala juu ya kichwa, hauna pa kugandia. Wakanada walikwenda mbali zaidi. Katika monasteri ya Oka, Quebec, mtawa aliyeitwa Wilfrid Chatelain alichanganya mbegu kadhaa mwanzoni mwa karne ya 20 mpaka akapata kuku anayeitwa Chantecler, ambaye upanga wake ni kama kitufe na ndevu zake, zile nyama zinazoning'inia kidevuni, ni ndogo mno. Ninao wawili siku hizi. Kama unaanza kufuga kwenye nchi ya theluji, tafadhali chagua kwanza kwa kuangalia kichwa cha kuku, halafu ndiyo uulize mayai.

Taa ya joto sikuweka, na sitaweka. Vumbi, manyoya, maranda makavu na balbu ya wati 250 ndani ya kibanda cha mbao: huo ni moto unaosubiri siku yake, na kila mwaka huku mabanda yanaungua hivyo. Tena kuku aliyezoea taa, umeme ukikatika usiku wa manane, ndiye anayekufa. Miguu yao inalindwa na kichanja tu. Badala ya fito nyembamba tuliweka ubao wa upana wa sentimita 9, umelazwa upande wake bapa, kuku akichuchumaa tumbo lake linafunika vidole vyote.

Shida iliyobaki ni maji, na hii haina ujanja mkubwa, ina kazi. Kuku asipokunywa hali, asipokula hapati joto. Mwaka wa kwanza nilikuwa na mabeseni mawili ya mpira mweusi. Moja likiganda bandani nalipeleka jingine, mara nne kwa siku. Uzuri wa mpira ni kwamba haupasuki. Unalipindua beseni, unalikanyaga kidogo mgongoni, barafu inatoka nzima kama ugali unaopinduliwa kwenye sahani. Mwaka wa pili tulinunua kikalio cha umeme cha kuwekea chombo cha maji, kinachopasha kiasi cha kuzuia barafu tu, nikapata mapumziko. Mabeseni sijayatupa.

Mayai nayo yanaganda. Yanavimba ndani, ganda linapasuka kwa mstari mmoja mrefu, na yai la namna hiyo silipeleki kwa mtu. Nayaokota mara tatu kwa siku. Ila Desemba hakuna mengi ya kuokota. Siku huku inakuwa fupi mpaka chini ya saa tisa za mwanga, na kuku anahitaji kama saa kumi na nne ili atage vizuri. Wapo wanaoweka bandani taa ndogo inayojiwasha kwa saa. Mimi nimeamua kuwaacha wapumzike, kwa sababu wanakuwa wametoka kunyonyoka manyoya Oktoba na mwili wao una kazi nyingine. Manyoya karibu yote ni protini. Wakati ule nawapa dagaa. Kuna maduka ya Waafrika Mashariki hapa Minneapolis yanauza dagaa wakavu wa Ziwa Victoria. Nawatwanga kidogo kwenye kinu na kuchanganya kwenye chakula chao, na harufu inanirudisha nyumbani kabisa. Jioni, kabla hawajapanda kichanjani, wanapata konzi ya mahindi yaliyoparazwa, ili kifuko cha chakula kilale kimejaa na tumbo lifanye kazi usiku.

Theluji yenyewe hawaipendi. Asubuhi ya kwanza walisimama mlangoni wote saba, wa mbele akanyanyua mguu mmoja, akautazama, akarudi ndani. Nikazoa njia kwa koleo na kumwaga nyasi kavu juu, wakatoka. Tangu 2022, homa ya mafua ya ndege iliporudi hapa Minnesota, nimewafunikia na uwanja wao kwa juu ndege pori wasiingie, na nina viatu vya bandani ambavyo havitoki bandani.

Mtihani mkubwa ulikuja mwishoni mwa Januari 2019. Kuku walikuwa sita, mmoja alichukuliwa na rakuni wakati wa kiangazi, jioni niliyochelewa kufunga mlango mdogo. Baridi ilishuka kutoka ncha ya kaskazini, na alfajiri ya tarehe 30 Minneapolis ikafika nyuzi 33 chini ya sifuri. Shule zilifungwa, na hata posta ilisimamisha kusambaza barua siku ile. Watu walikuwa wananiambia nilete kuku ndani. Nilifikiri sana, lakini kuku aliyetoka kwenye joto la sebule kurudi kwenye baridi ile angeteseka zaidi. Nikawaachia nyasi nyingi, nikawapaka mafuta ya mgando kwenye panga na ndevu, nikawapa mahindi mara mbili ya kawaida. Matundu ya juu sikuyagusa. Mkono ulikuwa unaniwasha kuyaziba, nasema ukweli.

Saa kumi na mbili asubuhi nilivaa kila kitu nilichonacho. Mama alikuwa amepiga simu ya video, naye hakuwa na raha tangu nimweleze hizo nyuzi, akataka aone mwenyewe. Nikavuka uwanja theluji ikilia chini ya viatu kama wanga mkavu. Nikafungua mlango. Kimya, halafu sauti ndogo ile ya kooni wanayoitoa wakimtambua mtu. Sita, wamebanana kama ndizi kwenye chane, Theluji katikati na upanga wake butu. Nikainua simu nimwonyeshe mama dari, na kabla haijafika juu ikazimika. Betri ilishindwa na baridi.

Niliangalia kwa ajili yake, ubao kwa ubao, kisha nikarudi ndani na kuchomeka simu kwenye umeme. Ilipowaka tu, yeye ndiye aliyepiga.

"Dari ikoje?"

"Kavu, mama."

"Haya. Kanywe chai."