Bango la Shaba

Asubuhi ya Januari 13, 2003 nilikuwa jikoni kwa bibi mmoja wa Honolulu, Hawaii, nikikata vijiti vya unga wa mchele kwa mshazari, kila kipande chembamba kama sarafu, kwa ajili ya supu ya tteokguk. Nilikuwa mwanafunzi kutoka Tanga na nilipanga chumba cha nyuma nyumbani kwake. Tangu wiki ya kwanza alinikataza kumwita kwa jina lolote isipokuwa Halmoni, yaani bibi kwa Kikorea. Siku hiyo ilitimia miaka 100 tangu meli ya Gaelic iwashushe Honolulu Wakorea 102, wa kwanza kati ya zaidi ya 7,000 waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa hadi mwaka 1905, na mchana ukoo wake wote ulikuwa ukutane kanisani.

Supu ilipoanza kuchemka, Halmoni alifunua debe la mchele, akazamisha mkono hadi chini, akatoa kifurushi cha kitambaa. Ndani yake mlikuwa na kisahani cha shaba kilichotobolewa tundu la kupitishia uzi, nacho kimegongwa namba ambazo jasho na vidole vilikuwa vimekaribia kuzifuta.

"Hili ni bango la baba," aliniambia.

Nilidhani sikumsikia vizuri, maana kwetu bango ni lile la kubandikwa ukutani. Akanieleza kwamba kule mashambani neno hilo lilitoka kwa Wajapani, kwamba maana yake ni namba, na kwamba kila kibarua alikuwa na lake: kwa namba hiyo alipokea mshahara, kwa namba hiyo alikopa dukani, na mnyapara hakuwa na haja ya kujifunza jina lake.

Nilivuta kiti nikakaa. Babu yangu mzaa baba alitoka Buha, kule Kigoma, akaja kukata mkonge Korogwe, na watu kama yeye Tanga nzima iliwaita manamba, jina ambalo sisi wajukuu tulitukanwa nalo shuleni kabla hatujaijua maana yake. Nilipomsimulia hayo, Halmoni aliuliza namba ya babu ilikuwa ngapi. Sikuijua.

"Na jina lake?"

Nikamtajia. Alilirudia mara tatu, mpaka akaliweza, kisha akaniwekea lile bango kiganjani na kunikunja vidole juu yake.

Tulipokuwa tukipakua supu, alinisimulia habari za mama yake, aliyevuka bahari mwaka 1917 kuolewa na mwanamume ambaye alikuwa amemwona kwenye picha tu. Korea ilikuwa imemezwa na Japani tangu mwaka 1910, na mama huyo, kila alipopika, alichota kijiko kimoja cha mchele akakiweka kando. Mchele ukijaa kopo, uliuzwa, na fedha zikapelekwa kusaidia harakati za uhuru. Hao walikuwa watu ambao ujira wao wa siku nzima juani haukufika dola moja. Ndio hao hao ambao michango yao ilisaidia kuanzisha chuo cha Inha huko Korea mwaka 1954, chuo ambacho jina lake limeunganishwa kutoka Incheon, bandari waliyoondokea, na Hawaii, walikofikia. Nimesoma habari za matajiri wengi waliojenga vyuo, lakini hakuna iliyonigusa kama hii ya vibarua.

Kanisani wazee walisimama mmoja mmoja wakataja majina ya waliotangulia. Halmoni, aliyevaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, ya rangi ya maji ya bahari, alitaja la baba yake, ukoo kwanza na jina baadaye kama ilivyo desturi yao, kisha la mama yake. Kabla ya kukaa alishika bega langu, akalitaja na la babu yangu, kwa sauti ile ile, na kutaniko zima likainamisha kichwa kama lilivyofanya kwa wengine.

Jioni tuliporudi, alilifunga bango katika kitambaa chake na kulirudisha chini ya debe. Kisha akapima mchele wa chakula cha usiku, akachota kijiko kimoja na kukitia katika kopo lililokuwa dirishani.