Mkia wa tiara niliuandika kinyumenyume

Kitu cha sekunde 5 kiliniletea ushauri wa kutosha filamu ya saa mbili. Ni nembo inayotembea ya kampuni ndogo ya vipindi vya watoto hapa Unguja, ile inayotokea kipindi kikiisha. Fundi wa video za harusi akaniambia, "Tia taa za kumulikamulika, sheikh wangu, watoto ndizo wanazozitaka." Mwengine akaona nichukue kiolezo mtandaoni, nibadilishe jina, nilale.

Taa hizo ndizo hasa zisizotiwa. Desemba 1997, huko Japani, kipindi kimoja cha Pokémon kilimulika nyekundu na buluu kiasi cha mara 12 kwa sekunde, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali. Watangazaji hawataki mimuliko izidi 3 kwa sekunde. Na usifikiri mimuliko ni lazima uitie mwenyewe: ukipiga picha moja moja na mwanga ukawa unapanda na kushuka, skrini nzima inamulika bila ya kukusudia.

Kwa hiyo mimi nilipiga picha moja moja za vitu vilivyolazwa mezani, kisha nikaziunganisha ziwe mwendo: tiara (kishada) inapanda, mkia wake unaandika jina. Mtoto asiyejua kusoma tiara anaijua. Televisheni za kwetu huonyesha fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde, jumla 125: 12 za mbingu tupu, 76 za mwendo, 37 jina limetulia. Si lazima upige picha 76. Nyingi hukaa fremu mbili mbili, na pale tiara inapobetuka tu ndipo nikapiga moja moja. Picha 34 mara mbili, ongeza 8, mwendo umekwisha kwa picha 42.

Mbingu ni blanketi jembamba la buluu lililotandazwa mezani, kamera inatazama chini kutoka kwenye ubao uliobanwa kwa jiliwa. Upana wa picha nilikuwa nao sentimita 80, yaani kila sentimita ni pikseli 24 kwenye skrini ya upana wa pikseli 1920. Uzi wa milimita 5 unatoka pikseli 12, haupotei hata kwenye televisheni ndogo. Kila ukingo acha asilimia 5, maana televisheni za zamani zinakula pembeni. Kwangu ilikuwa sentimita 4 kulia na kushoto, 2 na kitu juu na chini.

Meza usiiweke ghorofani katika nyumba ya Mji Mkongwe. Sakafu zile zimelala juu ya boriti, mtu akipita chumba cha pili kamera inacheza, na kwenye skrini jina zima linaruka kama limeshtuliwa. Nilihamia chini, kwenye saruji. Pangaboi lizime. Dirisha nililiziba kwa kanga nikajiona mjanja, kumbe kila wingu likipita picha inaingia giza. Kadibodi ndiyo iliyomaliza maneno.

Balbu za bei rahisi kwa umeme wetu wa hezi 50 hupwita mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa mwendo wa haraka, picha moja inaangukia kwenye mwanga, nyengine kwenye kufifia. Nilifungua kamera nusu sekunde nzima, kila picha ikala mipwito 50 ile ile, na kamera ikabonyezwa kwa taima, si kwa kidole. Lenzi nayo iwe ya zamani, ya kuzungusha tundu la mwanga kwa mkono. Zile za kisasa hujifunga upya kila picha, na hazifungi sawasawa.

Sasa mkia. Kwanza nilitumia ukindu uliotiwa rangi, kwa kutaka mambo ya nyumbani. Chini ya taa ulikauka, ukajikunja, kila herufi ikainua kichwa na kivuli chake. Nikaenda kwenye uzi wa sufu wa njano, vibunda viwili vya elfu tatu tatu hivi, unaojishika wenyewe kwenye blanketi. Lakini kuandika kwa uzi mbele ya kamera, sentimita nne nne, bila kuitikisa sehemu uliyokwisha kuilaza? Saa mbili nzima nilipata herufi moja na nusu, tena inatetemeka kama mwandiko wa mgonjwa.

Ndipo nikapiga kinyumenyume. Jina zima unalilaza kwa utulivu, mwandiko wa kuunganisha, kiasi cha sentimita 170, tiara mwishoni. Piga. Kata uzi wa sentimita 4, rudisha tiara ifunike ncha, piga. Herufi zilizobaki huzigusi kabisa. Ukimaliza blanketi li tupu, na hiyo ndiyo picha yako ya mbingu. Kwenye kompyuta zigeuze, na mkia unaandika.

Raha hiyo ina mitego. Vishungi vya tiara nilivilaza viburutwe nyuma ya njia niliyokuwa nikienda. Zilipogeuzwa picha, vishungi vikawa vinaitangulia tiara, kama kwamba upepo unaisukuma kwa nyuma. Vilaze vielekee upande wa jina. Mtego mkubwa ni manyoya ya uzi: yaliyobaki kwenye blanketi yanaonekana kabla tiara haijafika, kama kuna mtu ameshaandika akafuta. Nilikuwa nikiyanyanyua kwa selotepu kila picha, kisha nalaza vinyweleo vya blanketi kwa brashi, upande mmoja siku zote.

Jina lililotulia lisigande. Kabla ya kuanza kukata, piga picha tatu, kila mara ukiugusa uzi kidogo mno, kisha zizungushe fremu nne nne. Jina linapumua. Nukta ya "i" niliiweka karafuu, nikajipongeza. Kwenye skrini ilionekana kama nzi aliyekufa. Ikawa kifungo cha njano.

Programu yangu ya kuunganishia ilifunguka kwenye fremu 24, sikuangalia. Fremu 125 zikachukua sekunde 5.2 na ganuni niliyoitilia kuwa sauti yake ikanyamaza kabla jina halijaisha. Angalia kabla hujaingiza picha hata moja. Sauti nayo: ngoma nzito niliyoitaka mwanzoni haikusikika kabisa kwenye spika ndogo, noti nne za ganuni zikapita vizuri. Ile ya mwisho inagonga kifungo kinapotokea, fremu ya 88. Ikichelewa fremu moja hakuna anayejua, ikitangulia mbili kila mtu anahisi kuna kasoro. Ukali wake niliushusha hadi −23 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti wanachotumia watangazaji.

Baadaye wakataka toleo la sekunde 3. Sikugusa kamera: picha 34 za fremu mbili mbili nikazifanya moja moja, mbingu tupu nikaitoa, jina likatulia fremu 33. Inatimia 75.