Jumamosi ya Kelly Kulick pale Mwanga

Flashi ilifika Kigoma kwa basi, mwezi wa pili mwaka 2010. Mafuriko ya Kilosa yalikuwa yamekata reli, kwa hiyo mizigo ya Dar ilizunguka kwa barabara, ikapita Nyakanazi na Kibondo kwenye matope. Ndani ya flashi mlikuwa na faili moja tu: fainali ya Tournament of Champions, mashindano makubwa ya kulipwa ya bolingi (mchezo wa kurusha tufe kuangusha pini), iliyochezwa Las Vegas tarehe 24 Januari. Aliyenitumia alishanipigia simu, akaniambia matokeo kwa kelele hadi nikaiweka simu mbali na sikio. Mwanamke amewapiga wanaume.

Aliyenitumia alikuwa fundi. Nilipokuwa naishi Dar nilifanya kazi kaunta ya viatu kwenye ukumbi wa bolingi. Mteja anavua vyake, unampa vya kuchezea vyenye soli laini, akimaliza unavipokea na kuvipulizia dawa. Nyuma kabisa, kule zinakoangukia pini na wateja hawafiki, ndiko alikokaa fundi wa mashine, mzee wa grisi hadi kwenye viwiko. Alikuwa na kanda za video za mashindano ya wanawake wa kulipwa wa Marekani, alizoletewa na ndugu zake wa ng'ambo. Mchana wa siku za kazi ukumbi ukiwa mtupu, tulikuwa tunaziangalia kwenye televisheni ya baa, yeye akisimamisha picha ili anionyeshe kidole gumba kinavyotoka kwenye tundu kabla ya vidole vingine.

Kwa kanda hizo niliwajua wote. Aleta Sill, mrushaji wa mkono wa kushoto, mwanamke wa kwanza katika mchezo huo kuvuka dola milioni moja za zawadi. Wendy Macpherson. Carolyn Dorin-Ballard, aliyetwaa mataji 7 katika msimu mmoja wa 2001. Niliwapenda kwa namna ambayo vijana wa kwetu wanapenda washambuliaji: nilijua hatua zao, nilijua nani husita kidogo kabla ya kuanza kutembea, nilijua nani akikosa hukunja uso na nani hukaa tu.

Na hapo hapo nilipokuwa nimenogewa, ligi yao ikafa. Mwaka 2003 chama chao, PWBA, kiliishiwa fedha na mashindano yakakatika. Wanawake waliokuwa wakiishi kwa mchezo huo walirudi makwao kutafuta kazi nyingine. Kelly Kulick, aliyekuwa ametwaa U.S. Women's Open mwaka huohuo, alirudi Union, New Jersey, akafanya kazi kwenye gereji ya familia yao. Fundi alinisimulia habari hiyo kwa masikitiko makubwa, na mimi nililia. Watu wa kaunta walidhani nimefiwa.

Baadaye mama aliugua, nikarudi Kigoma. Nikapata kazi kwenye kibanda cha intaneti, na kompyuta zikiwa hazina mteja nilikuwa natafuta habari zao kipande kwa kipande. Picha moja ilichukua muda wa kunywa chai kufunguka. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mwaka 2004 chama cha wanaume, PBA, kilifungua mlango kwa wanawake. Kwamba mwaka 2005 Liz Johnson aliingia fainali ya wanaume iliyoonyeshwa kwenye televisheni, wa kwanza kufika hapo, akashindwa na Tommy Jones. Kwamba mwaka 2006 Kulick wa gereji alipambana kwenye mchujo hadi akapata nafasi ya kucheza msimu mzima na wanaume, mwanamke wa kwanza, na msimu ulipokwisha nafasi ile ikampotea. Huko Tournament of Champions alipata tiketi kwa kushinda ubingwa wa dunia wa wanawake wa PBA mwaka 2009. Mwanamke peke yake, wanaume zaidi ya 60.

Mechi yenyewe niliiangalia kwanza peke yangu, kwenye kompyuta ya kazini, mlango nimeurudishia. Ilipokwisha niliona haiwezekani kitu hiki nikae nacho mwenyewe.

Pale Mwanga kulikuwa na banda umiza la mzee mmoja, mabenchi ya mbao, televisheni ya kichogo, na kipaza sauti ambacho kijana wake alikitumia kutia Kiswahili kwenye sinema za Kichina. Nilimwendea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umepotea njia?"

Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, akauliza mchezo wenyewe una magoli au hauna. Nikasema hauna. Akauliza kuna kupigana? Nikasema hamna. Akafikiri, akasema Jumamosi saa tisa, kabla ya mpira wa Uingereza, ana saa moja isiyo na kitu, mradi umeme uwepo. Wakati ule Kigoma haikuwa kwenye gridi ya Taifa, umeme ulitoka kwenye majenereta na ulikuja kwa zamu, kwa hiyo hilo la umeme lilikuwa sharti la kweli. Nikamwomba jambo moja zaidi: wanawake waingie, na wakae mbele.

"Wanawake hawaji hapa," akasema.

"Watakuja."

Nilishuka Kibirizi asubuhi ya Jumamosi, kwenye mchanga wanakoanika dagaa. Wanawake wale nawajua, mama yangu alianika nao miaka mingi. Niliwaambia kuna mwanamke wa gereji amewapiga mabingwa wa kiume, njooni muone kwa macho yenu. Muuza migebuka mmoja, mama mtu mzima ambaye wote tulimwita Bi Mkubwa, aliuliza amewapiga kwa nini, ngumi? Nikasema kwa tufe. Akacheka, akasema basi atakuja, amechoka kuhadithiwa mambo.

Walikuja. Walijaza mabenchi mawili ya mbele, khanga zao zikinukia ziwa, na vijana waliofika mapema kuwahi nafasi za mpira wakabaki wamesimama nyuma wakinung'unika. Mzee akanipa kipaza sauti. Yule kijana wake akakaa pembeni kunisikiliza.

Nilianza na njia. Nikawaambia kutoka kwenye mstari ambao mrushaji haruhusiwi kuukanyaga hadi pini ya kwanza ni futi 60, zaidi kidogo ya mita 18. Tufe linafika hadi kilo 7. Pini ni 10, zimepangwa pembetatu. Zamu ni 10, na kila zamu una mitupo miwili ya kuziangusha. Ukizimaliza kwa mtupo wa kwanza ni straiki, na straiki inahesabiwa 10 pamoja na pini utakazopata kwenye mitupo miwili inayofuata. Kwa hiyo anayepiga straiki mfululizo hesabu yake hupanda kwa kasi, na aliyepiga straiki zamu zote 10 pamoja na mitupo 2 ya nyongeza mwishoni, yaani straiki 12, anafika 300, mwisho wa hesabu.

"Mbona tufe linaanza kwenda pembeni halafu linageuka?" akauliza Bi Mkubwa. Kelly alikuwa bado anajipanga, lakini mama yule alishaona jambo lenyewe kwenye mitupo ya mwanzo.

Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Nikamwambia ile njia imepakwa mafuta. Sehemu kubwa ya mwanzo ina mafuta, mwishoni karibu na pini ni kavu. Tufe linazunguka tangu mkononi, lakini kwenye mafuta halishiki, linateleza tu, kama mguu wa mtu kwenye sakafu ya wakamuaji wa mawese. Likifika pakavu linashika, ndipo linapokata kona kuingia kati ya pini ya kwanza na ya tatu. Na mafuta hayo macho hayayaoni. Kila tufe likipita linayafuta hapa, linayabeba pale, njia inabadilika mchezo ukiendelea, na mrushaji lazima aisome kwa jinsi tufe lake lilivyoenda mara iliyopita, asogee ubao mmoja au mbili za sakafu, arushe tena.

"Kwa hiyo kazi ni akili," akasema mama aliyekaa pembeni yake.

Ni akili, na ni mkono unaorudia kitu kilekile bila kutetereka. Nikawaambia pia jambo alilonifundisha fundi, ambalo mpaka leo naliona ni zuri kuliko yote katika mchezo huu: straiki iliyoingia sawasawa, tufe lenyewe hugusa pini 4 tu. Zile 6 nyingine huangushwa na pini wenzao. Hapo hata vijana wa nyuma walisogea.

Mpinzani wake alikuwa Chris Barnes. Nilitaka wajue uzito wake, kwa hiyo niliwaambia kwamba taji hilohilo alilitwaa mwaka 2006, kwamba hakuwa mtu aliyeokotwa apigwe. Kijana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Atamla huyo dada!" Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa najua mwisho, lakini mkono uliokuwa umeshika kipaza sauti ulikuwa unatetemeka.

Halafu Kelly akaanza kupiga. Hana mbwembwe. Anatembea, goti linapinda, mkono unapita karibu na mguu, tufe linatua bila kishindo. Straiki. Anarudi, anapangusa tufe kwa kitambaa, anasubiri zamu. Straiki nyingine. Wanawake wa mbele walianza kuhesabu kwa sauti pini zinavyoanguka, na mtu mmoja akatoa kigelegele ambacho sikukitarajia ndani ya banda lile. Barnes aliacha pini pale ambapo Kelly hakuacha. Pengo likakua. Niliendelea kutangaza, ila ilifika mahali sikuwa na haja ya kueleza, walishaelewa. Bi Mkubwa alikuwa anamwambia jirani yake, "Tazama, amesogea kushoto kidogo. Mafuta yamehama." Alikuwa ameujua mchezo huu kwa nusu saa tu, na aliona sawa.

265 kwa 195. Kelly alipojua amemaliza aliruka mikono juu, na banda zima likasimama. Nilishuhudia fainali nyingi za mpira kwenye mabanda ya Kigoma, sijaona mabenchi ya mbele yakisimama namna ile.

Ubishi ukaanza palepale, kama ilivyo ada. Yule kijana wa nyuma akasema amepewa, hakuna mwanamume wa kushindwa pointi 70 na mwanamke. Kabla sijajibu, mvuvi mmoja mtu mzima aliyekuwa amesimama mlangoni akamwambia kwamba ukiwa na wimbi mbele yako haliulizi wewe nani. Mwingine akauliza, kwa nia njema kabisa, dada yule alipunguziwa nini? Umbali? Uzito?

Nikachukua kipaza sauti tena. Hakupunguziwa. Futi zilezile 60, pini zilezile, mafuta yaleyale, hesabu ileile. Nikawaambia alichopewa ni dola 40,000 na haki ya kucheza na wanaume miaka miwili, na hizo dola kwa wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 50. Kwenye mabenchi ya mbele walinyamaza kupiga hesabu, halafu wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja: boti ngapi, nyavu ngapi, injini ngapi.

Swali la Bi Mkubwa lilikuwa jingine. Aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akauliza: "Na wenzake? Hao wanawake wengine wanacheza lini?"

Ilinibidi nimweleze. Kwamba ligi yao ilikufa mwaka 2003, kwamba wamebaki na mashindano machache, kwamba Kelly amewashinda wanaume kwa sababu pia huko kwa wanaume ndiko kulikobaki mlango wa kuingia wiki baada ya wiki. Alikasirika. Alikasirika kweli, kama mtu aliyeambiwa soko lake limefungwa. "Kwa hiyo mtu anajua kazi yake namna hii, halafu mahali pa kuifanyia hakuna?" Hakuna aliyemjibu. Mzee mwenye banda akawasha dekoda, vijana wakaanza kugombea mabenchi, na wanawake wakatoka kwenda kukusanya dagaa kabla jua halijashuka.

Tangu siku hiyo alikuwa akiniuliza kila tulipoonana. Njiani Mwanga, stendi, msibani hata. "Wamefungua?" Nilikuwa namwambia bado, Bi Mkubwa, halafu nampa habari zilizokuwepo: Kelly ametwaa tena U.S. Women's Open mwaka huohuo wa 2010, ametwaa tena 2012, na 2013 amechukua Liz Johnson.

Mwaka 2015 walifungua. PWBA ilirudi ikiwa na msimu mzima, na safari hii walikuja hata Wakolombia na wasichana wa Asia. Nilikuwa na simu ya kugusa tayari, nilisoma habari nikiwa kwenye bodaboda, nikamwambia dereva ageuze tuelekee Kibirizi. Bi Mkubwa alikuwa anapanga migebuka kwenye karai. Nikamwambia wamefungua.

"Na yule wa gereji yumo?"

"Yumo."

"Na yule mwingine, aliyeshindwa fainali ya wanaume?"

Liz Johnson alikuwa na miaka zaidi ya 40 wakati huo, na msimu ule ndiye aliyetwaa U.S. Women's Open, akawa mchezaji bora wa mwaka, 2015, kisha 2016, kisha 2017. Nilimpelekea Bi Mkubwa habari hizo moja moja, kila ilipotoka.