Windows na Ubuntu Ndani ya Laptopu Moja ya Gemu

Laptopu ninayoandikia makala haya niliinunua Kariakoo ikiwa imekwisha kutumika, na kabla hata sijailipia nilikuwa nimeshaigawa kichwani mwangu: upande mmoja wa kazi yangu ya uchambuzi wa takwimu, ambayo kwa miaka kadhaa nimezoea kuifanya kwenye Linux, na upande mwingine wa gemu, ambazo kusema kweli ni za mdogo wangu kuliko zangu. Ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 11, kadi ya grafiki ya GeForce RTX 3050, RAM ya gigabaiti 16 na diski moja ya SSD ya aina ya NVMe yenye gigabaiti 512. Ilikuja na Windows 11. Nilikaa nayo mezani Jumamosi asubuhi nikiamini kwamba kuiongezea Ubuntu 24.04, mojawapo ya matoleo ya Linux, kungenichukua saa moja. Kazi hiyo ilimaliza siku mbili, na karibu muda wote ulikwenda upande wa Windows na kwenye mipangilio ya mashine, si kwa Ubuntu, ambayo ilipopewa nafasi yake ilijisakinisha kwa muda usiofika nusu saa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisiifute Windows kabisa. Tangu mwaka 2018, kampuni ya Valve ilipotoa Proton, programu ya kuziendeshea gemu za Windows kwenye Linux, gemu nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya Windows huchezeka kwenye Linux kupitia Steam, duka la gemu la Valve, tena bila mchezaji kulazimika kuchezea mipangilio yoyote. Zinazokataa ni zile za kushindana mtandaoni zenye programu ya kuzuia udanganyifu inayojichimbia hadi kwenye kiini cha mfumo: Valorant na Fortnite hazikubali Linux, na matoleo ya karibuni ya gemu ya mpira ya EA Sports FC nayo ni hivyo hivyo. Nyumbani kwetu mpira hauna mjadala. Nilipomwambia mdogo wangu kwamba nataka kuongeza mfumo endeshi wa pili, swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, FC itabaki?" Nikamwahidi kwamba itabaki, na ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya niende taratibu kuliko ambavyo ningekwenda kama mashine ingekuwa yangu peke yangu. Kwa upande wa pili, msomaji anayehitaji Linux kwa ajili ya amri chache tu za terminali hana sababu ya kuigusa diski yake; WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, itamtosha. Mimi nilitaka mfumo mzima wenye RAM yote na kadi yote ya grafiki.

Jambo la kwanza nililolifanya, na ambalo nalisisitiza kuliko mengine yote yatakayofuata, ni kushughulikia usimbaji fiche wa diski, yaani kuifunga kwa siri ili isisomeke bila ufunguo. Laptopu nyingi za Windows 11 huifunga diski kwa BitLocker bila mwenyewe kujua, pale tu anapoingia kwa akaunti yake ya Microsoft. Maadamu hakuna kilichobadilika, hataona dalili yoyote; lakini akigusa mipangilio fulani ya UEFI, programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya mfumo endeshi, ambayo ndiyo mrithi wa BIOS ingawa mafundi wote bado wanaiita BIOS, Windows inaweza kugoma kufunguka mpaka aiandikie ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika wakati diski inafungwa, na kwa mashine iliyotumika mwenye akaunti hiyo anaweza kuwa mtu wa nchi nyingine ambaye hutamwona maishani. Yangu ilikuwa imewekewa Windows upya dukani, hivyo ufunguo niliukuta kwenye akaunti yangu mwenyewe. Niliunakili kwenye daftari, kisha nikauzima usimbaji huo na kusubiri diski yote ifunguliwe, subira iliyopita saa moja.

Baada ya hapo nilikwenda kupunguza patisheni ya Windows, yaani sehemu yake ya diski, kwa kutumia kifaa chake chenyewe cha kusimamia diski, kwa sababu sipendi mfumo mmoja uukate mwingine. Zaidi ya gigabaiti 300 zilikuwa tupu, lakini Windows ilikubali kuachia 38 tu. Sababu ni kwamba yako mafaili ambayo Windows haiyahamishi ikiwa inafanya kazi, yaani faili la kulaza kompyuta, faili la kumbukumbu ya ziada na zile nakala za kurejeshea mfumo, na moja likikaa katikati ya diski basi mpaka hauwezi kusogea kupita hapo. Nilizima vyote vitatu, nikaiwasha upya, na safari hii nilipewa gigabaiti 180. Faili la kumbukumbu ya ziada nililirudisha mara moja. Kile cha kulaza kompyuta, kinachozimwa kwa amri ya powercfg /h off, nimekiacha kimezimwa mpaka leo kwa makusudi, kwani huondoka pamoja na Fast Startup, utaratibu ambao hufanya Windows isizimike kikweli unapoizima, bali ijilaze nusu huku ikiishikilia diski. Linux ikija kuikuta diski katika hali hiyo, huisoma tu na kukataa kuandika juu yake, na inafanya vizuri kukataa.

Faili la Ubuntu lina karibu gigabaiti 6, na nililipakua usiku kwa bando la usiku, ambalo lilikatika kabla faili halijakamilika. Bahati nzuri nina tabia ya kulinganisha alama ya SHA256, ambayo hubadilika faili likiwa na kasoro yoyote, na ile iliyochapishwa kwenye tovuti ya Ubuntu, la sivyo ningeandika flashi mbovu na kuilaumu laptopu. Flashi niliiandaa kwa Rufus, programu ya kuandikia flashi za usakinishaji.

Hapo ndipo nilipokutana na kizuizi ambacho sikukitegemea. Kisakinishi kilifunguka vizuri, kikaniuliza lugha na kibodi, kisha kikasimama na kuniambia kwamba kompyuta hii inatumia RST, teknolojia ya Intel ya kusimamia diski, na kwamba lazima niizime kwanza. Katika laptopu nyingi za kizazi cha 11 na kuendelea, diski haionekani moja kwa moja na mfumo endeshi, bali hupitia kidhibiti cha Intel kiitwacho VMD. Niliingia BIOS kutafuta pa kukizimia nisipaone. Baada ya kuhangaika sana ndipo nikagundua kwamba katika aina ya laptopu yangu mpangilio huo umefichwa, na hujitokeza ukibonyeza Ctrl na S kwa pamoja ukiwa kwenye ukurasa wa pili. Nikauzima kwa furaha, nikaiwasha, na Windows ikanipokea kwa kioo cha buluu chenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema neno, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Kosa lilikuwa langu. Windows ilikuwa imezoea kuisoma diski kupitia VMD, na ilipoambiwa ghafla iisome moja kwa moja haikuwa imejiandaa kupakia draiva inayohusika, yaani programu inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa. Nilirudisha mpangilio ulivyokuwa na Windows ikafunguka kama kwamba hakuna kilichotokea. Kisha nikafuata njia sahihi: kuiagiza Windows, kwa amri ya bcdedit, kwamba ikiwaka tena iwake katika hali salama, kuingia BIOS kabla haijawaka na kuzima VMD, kuiacha ifunguke katika hali salama, ambamo hupakia draiva zote za msingi na kuikuta diski ilipo, na mwisho kuifuta ile amri na kuwasha kawaida. Jumla yake haikuzidi dakika kumi. Ningekuwa nimeisoma kabla ya kugusa kitufe, ningeokoa sehemu kubwa ya Jumamosi yangu.

Usakinishaji wenyewe sina mengi ya kuusemea. Nilichagua kugawa diski kwa mkono, nikaipa Ubuntu patisheni moja ya ext4, mpangilio wa mafaili unaotumiwa na Linux, katika ile nafasi iliyoachwa wazi, na faili la kumbukumbu ya ziada ikajitengenezea yenyewe. Mahali pekee pa kutulia ni kwenye patisheni ndogo ya EFI, ambayo kwenye mashine yangu ina megabaiti 260 na ndimo zilimo programu za kuwashia mifumo. Patisheni hiyo ni ya pamoja: Windows ina folda yake humo na Ubuntu huongeza ya kwake kando, bila kugombana. Ukiifomati kwa kudhani unaisafisha, umeifuta njia ya Windows ya kuwaka, hata kama mafaili yake mengine yote yako salama.

Kadi ya grafiki ndiyo iliyonirudisha kazini Jumapili. Watu wengi hushauri Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizo na saini inayokubalika kupakiwa wakati mashine inawaka, izimwe ili draiva ya Nvidia isilete matatizo, na kwa laptopu ya ofisini sina ugomvi na ushauri huo. Kwa laptopu ya gemu ni ushauri mbaya, kwa kuwa Valorant kwenye Windows 11 haifunguki bila Secure Boot, na Battlefield 6 iliyotoka mwaka 2025 nayo huidai. Niliiacha ikiwa imewashwa. Matokeo yake ni kwamba draiva inayojengwa ndani ya kompyuta yako lazima itiwe saini, na saini hiyo lazima ikubaliwe na mashine. Wakati wa kusakinisha draiva uliniomba mfumo nitunge nywila ya muda, nikaitunga, na nilipowasha upya kikatokea kioo cha buluu chenye menyu ya kuidhinisha ufunguo. Nilidhani ni hitilafu nyingine. Nikasubiri nione kitakachofuata, na baada ya sekunde chache kikapita chenyewe bila ufunguo kuidhinishwa. Draiva haikupakiwa, na Ubuntu ikawa inatumia grafiki ya Intel peke yake. Ilinibidi niuombe upya kwa amri ya mokutil, kisha niwahi kubonyeza kitufe kioo kile kilipotokea kwa mara ya pili.

Laptopu za namna hii zina grafiki mbili, ile ndogo ya Intel ya matumizi ya kawaida na ile ya Nvidia ya kazi nzito, na Ubuntu hukuachia uchague kwa amri ya prime-select. Kwa siku mbili nilikaa kwenye Intel tupu, betri ikadumu vizuri mno, mpaka nilipochomeka waya wa HDMI ili tutazame mechi kwenye televisheni na televisheni ikabaki nyeusi. Tundu la HDMI la laptopu yangu, kama la laptopu nyingi za gemu, limeunganishwa moja kwa moja na kadi ya Nvidia; kadi ikizimwa, tundu nalo linakufa. Sasa naiacha kwenye hali ya on-demand, ambayo huiita Nvidia pale tu inapohitajika.

Kuna kasoro moja ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wataitambua kwa kipimo chake. Saa ndogo iliyomo ndani ya kompyuta, inayoendelea kutembea hata mashine ikizimwa, Linux huiweka kwenye saa ya ulimwengu na Windows huichukulia kuwa ni saa ya mahali ulipo. Kwetu sisi tofauti ni saa tatu kamili. Jumapili ile bando likiwa limekwisha, na hivyo Windows ikikosa mtandao wa kujirekebishia, nilitoka Ubuntu nikaingia Windows ikanionyesha 18:00, na nje giza lilikuwa limetanda kitambo. Ilikuwa saa tatu usiku. Dawa yake ni amri moja ndani ya Ubuntu, timedatectl set-local-rtc 1. Ubuntu hulalamika kidogo kwamba mpangilio huo haupendekezwi, na katika nchi zinazosogeza saa majira ya kiangazi malalamiko hayo yana msingi. Sisi hatusogezi saa.

Ubuntu, ambayo jina lake ni ndugu wa damu wa neno letu utu, imewekwa kuwa ya kwanza kwenye menyu ya GRUB, programu ya kuchagulia mfumo wa kuwasha, na menyu husubiri sekunde kumi. Sasisho kubwa za Windows zinaweza kuirudisha Windows mbele, na ikitokea hivyo nabonyeza F12 wakati wa kuwasha, nachagua Ubuntu, kisha napanga upya kwa efibootmgr. Lililo zito zaidi lilitokea Agosti 2024, ambapo sasisho la usalama la Windows lilifanya mashine nyingi zenye mifumo miwili zikatae kuiwasha Linux, kwa sababu lilifuta uhalali wa programu za zamani za kuwashia. Ndiyo sababu siachi Ubuntu ikae miezi bila kusasishwa, na ile flashi ya usakinishaji iko kwenye droo, haijafutwa.

Gemu zangu chache zinazokubali Proton nimeziweka ndani ya patisheni ya Ubuntu. Nilijaribu kuzitumia kutoka kwenye patisheni ya Windows ili kuokoa nafasi, zikawa zinafunguka leo na kukataa kesho, nikaacha. FC peke yake inadai gigabaiti 100 upande ule, kwa hiyo nafasi ni finyu, na SSD ya pili ndiyo itakayofuata, kwa kuwa tundu lake lipo tupu chini ya mfuniko.

Kilichobaki bila ufumbuzi ni taa za kibodi. Programu ya mtengenezaji inayozibadilisha rangi ni ya Windows peke yake, na rangi iliyochaguliwa huko ndiyo inayobaki ukiingia Ubuntu. Mdogo wangu amechagua nyekundu, kwa hiyo takwimu zangu zote nazifanyia kazi kwenye kibodi nyekundu.