Filimbi

Wiki mbili kabla ya usiku ule nilikuwa nimepuliza filimbi bure. Giza na woga vilinifanya nione mto umefika kwenye rangi nyekundu ya nguzo ya kupimia maji, kumbe ni njano. Watu wakapanda kilimani na watoto mgongoni, wakakesha huko, na maji yakashuka kimyakimya. Tangu siku hiyo watoto wakaniita Gharika.

Kazi ya kusoma nguzo ile nilipewa baada ya semina ya siku mbili ya kukabiliana na maafa. Mkufunzi alitueleza Mpango wa Sendai wa mwaka 2015, makubaliano ya mataifa ya kupunguza maafa, unaotaka tahadhari za mapema ziwafikie watu wengi zaidi ifikapo 2030. Kwetu tahadhari yenyewe ilikuwa filimbi ya plastiki na gogo la rangi tatu lililochimbiwa ukingoni. Mengine nimeyasahau, isipokuwa moja: maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Usiku ule halikudondoka hata tone. Nyota tele. Nilishuka na tochi kwa mazoea tu, na kabla sijaona kitu nikasikia mawe yakigongana chini ya maji, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko mto unakotoka. Njano ilishafunikwa.

Filimbi nilikuwa nayo mdomoni, na sikupuliza. Sikuwa nahakikisha chochote; niliogopa kuchekwa. Nikabaki namulika nyekundu ikimezwa kidogo kidogo, mpaka tawi zima lenye majani mabichi likapita mbele yangu likizunguka. Ndipo nikapuliza.

Wa kwanza kutoka alikuwa bibi aliyenicheka kuliko wote, bahasha ya vyeti kwapani.

“Leo kweli, au kama juzi?”

“Sijui, bibi. Wewe panda tu.”

Orodha yetu ilisema mzee asiyeweza kutembea angebebwa na vijana wawili. Mmoja alikuwa safarini, jambo ambalo semina nzima hakuna aliyelifikiria. Nikashika upande wa pili wa kiti. Kwenye njia ya chini maji yalinifika vifundoni tu, lakini yalikuwa yakinivuta miguu. Ningepuliza mapema, tungempitisha pakavu.

Kulipokucha nguzo haikuwepo. Nyumba za chini zilijaa matope hadi madirishani, nasi sote tulikuwa juu. Bibi akanishukuru mbele ya watu. Nikaitikia, “Asante, bibi,” habari za kusimama pale ukingoni nikazimeza.